Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta: wodi yetu iko wapi?

Kwa Mkuu wa Idara. Nakala kwa Rasi wa Ndaki na wajumbe wa Seneti ya Chuo.

Daktari, salaam.

Tungekuwa nyumbani ningekuita mwanangu, maana nakufahamu tangu ukiwa mwaka wa pili, unagonga mlango wa maabara kabla hata wafagizi hawajafika ili uiwahi ile mashine ya pembeni ambayo kibodi yake ilikuwa bado nzima. Lakini barua hii inasomwa na wengi, basi wewe ni Daktari na mimi ni fundi sanifu wa maabara niliyestaafu mwaka jana. Jina la chuo silitaji. Anayelijua analijua, na asiyelijua huenda akadhani nakisema cha kwake.

Ule ubao wa Dira na Dhamira ulio mkabala na mlango wako niliutundika mimi, kwa misumari minne, na mmoja ulipinda ukabaki hivyo hadi leo. Umeandikwa kwamba idara itakuwa kitovu cha umahiri kinachotambulika kimataifa. Miaka yote niliyoupita nikiwa nimebeba nyaya na betri sikuwahi kumsikia mtu akiuliza: umahiri wa kufanya nini? Na anayefanyiwa ni nani? Ndilo swali ninalokuletea.

Wiki zangu za mwisho kazini niliagizwa nipunguze lile kabati la chuma la ripoti za miradi ya mwaka wa mwisho, kwa kuwa lilikuwa halifungi tena. Nikakaa sakafuni na kitambaa cha vumbi, nikawa nazitoa moja moja. Mfumo wa kugawa vyumba vya bweni. Mfumo wa kuazimisha vitabu. Mfumo wa kugawa vyumba vya bweni kwa njia ya intaneti. Mfumo bora wa kugawa vyumba vya bweni. Nilipofika bweni la kumi na tisa niliacha kuhesabu. Vyumba vyenyewe, kama unavyojua, bado vinagawiwa kwa daftari la patroni.

Kwenye ganda la nyuma la kila ripoti kuna bahasha yenye sidii. Nikachomeka moja, ya mfumo wa zahanati. Ukafunguka vizuri tu, rangi ya bluu, nembo ya chuo juu. Nenosiri lilikuwa 1234, nimelipata kwa kubahatisha mara ya kwanza. Ndani mlikuwa na wagonjwa watatu, na mmoja wao ni Juma Juma, umri miaka 200, jinsi ya kike, mjamzito. Mfumo ulikuwa umempokea bila hata kukohoa. Alama iliyoandikwa juu ya jalada: A.

Sikucheka. Aliyeandika programu ile namkumbuka, alikuwa kijana mwepesi kweli, na leo nasikia anafanya vizuri. Ila hakuna siku aliyowahi kuingia zahanati kama mtu anayeitengenezea kitu, na hakuna aliyempeleka. Mgonjwa wa miaka 200 hapiti mbele ya muuguzi hata sekunde mbili, lakini mbele ya jopo letu la watahini alipita.

Ng'ambo ya ua wetu wapo wenzetu wa udaktari. Nao wana vitabu vinene na mitihani ya kutoa watu jasho. Lakini ukifika wakati wake, mwanafunzi huvishwa koti jeupe akapelekwa wodini, akasimama nyuma ya daktari bingwa kando ya kitanda cha mtu anayeumwa kweli. Mwalimu naye hupelekwa shuleni akakabiliana na watoto sitini na chaki moja, mkaguzi amekaa nyuma. Sisi tuna mafunzo kwa vitendo ya wiki nane, ambako vijana wetu wengi huishia kubadilisha wino wa printa. Vitabu vyao vya kumbukumbu vilipitia mezani kwangu. "Leo nimepanga nyaya." Ukurasa unaofuata: "Leo pia nimepanga nyaya."

Wodi yetu iko wapi, Daktari?

Naomba nikusimulie jambo moja ambalo hukulishuhudia, ulikuwa masomoni nje. Kulikuwa na binti aliyekataa mambo ya bweni. Akaenda hospitali, kwenye dirisha la kadi, akaomba akae na mama anayetunza mafaili. Alikaa wiki mbili. Aliporudi kuniomba mashine, daftari lake lilikuwa limejaa namna ambavyo jina moja huandikwa na makarani tofauti. Shida ya yule mama ilikuwa hii: mgonjwa akija mara ya pili bila kadi, faili halionekani. Mara ya kwanza kaandikwa Halima, leo kaandikwa Alima. Ramadhani yumo na Ramazani yumo, na ni mtu mmoja. Mama Shabani wa mtaani ndiye Zuhura wa kwenye kadi ya bima. Basi anafunguliwa faili jipya, na ile dawa inayomdhuru imebaki imeandikwa kwenye faili la zamani, rafu ya juu, chini ya jina jingine.

Binti akafanya kama alivyofundishwa: akatafuta njia inayojulikana ya kulinganisha majina kwa sauti. Ipo, inaitwa Soundex, ilipewa hataza Marekani mwaka 1918, na imo ndani ya hifadhidata nyingi tunazotumia mpaka leo. Inashika herufi ya kwanza ya jina, inatupa irabu zote pamoja na h, w na y, halafu konsonanti zilizobaki inazigeuza kuwa tarakimu tatu. Akalipitisha daftari lake humo. Halima akatoka H450 na Alima akatoka A450, watu wawili, kwa sababu herufi ya kwanza imetofautiana. Ramadhani R535, Ramazani R525, watu wawili tena. Kisha Salumu na Salimu, majina mawili ambayo hata mtoto wa chekechea hayachanganyi, wote S450. Rehema na Rahma, wote R500. Alikuja mezani kwangu na karatasi mkononi, furaha imemjaa kama aliyeokota pesa. "Mzee, hii inamkata mtu mmoja vipande viwili, halafu inashona wawili wawe mmoja! Inatupa irabu, na kwetu irabu ndiyo jina."

Akatunga kanuni zake. Irabu zibaki. H ya mwanzo isihesabiwe. Dh na z zishikane. L na r zishikane, maana pale dirishani alisikia zikibadilishana kutwa nzima. U ya mwishoni iondoke, ili Salum na Salumu wakutane. Alipomrudishia mama wa mafaili ajaribu kwenye kompyuta yake ya mkononi, yule mama aliandika jina, akapiga meza: "Huyu! Huyu nimemtafuta tangu Jumatatu!"

Jopo lilimpa B. Nilikuwemo chumbani, nilikuwa nimewawekea projekta. Wakamwuliza michoro yake mbona haijafuata kiwango. Wakamwuliza sura ya tatu mbona fupi. La mwisho ndilo lililoniuma: kwa nini usingetumia tu ile njia iliyopo? Alikuwa ametoka kueleza kwa dakika kumi kwa nini haifai. Programu ile haikuwahi kuanza kutumika hospitali.

Kama ile haikuwa sayansi ya kompyuta, basi sijui tulikuwa tunafanya nini humo ndani miaka yote. Hakuna maabara ya California itakayokesha ikitafuta tofauti ya Salumu na Salimu. Hiyo ni kazi ya idara yenye watu wanaoitwa Salumu na Salimu.

Utaambiwa fani hii ni ya nadharia, na kwamba kuipeleka dirisha la kadi ni kuishusha. Mwambie anayesema hivyo arudi Cambridge mwaka 1949. Maurice Wilkes alipowasha EDSAC, mojawapo ya kompyuta za mwanzo kabisa, ilikuwa mashine ya kuwahudumia wenzao wa chuo, wale wa fizikia, kemia na biolojia, waliokuwa wamekwama kwenye hesabu zisizowezekana kwa mkono. Kati ya waliopeleka kazi zao pale alikuwemo John Kendrew, aliyekuwa akitafuta umbo la protini ya misuli. Mwaka 1962 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia. Fani hii ilianza ikiwa na wagonjwa mlangoni. Nadharia nzuri nyingi zilitokana na shida za foleni ile.

Na wasikuambie huko ni Ulaya. Takwimu za vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, zile ambazo muuguzi wa zahanati hujumlisha kila mwisho wa mwezi, zinaingia kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo haukutoka kwenye kampuni kubwa. Mizizi yake ni ushirikiano wa watafiti wa Afrika Kusini na idara ya informatiki ya Chuo Kikuu cha Oslo, ulioanza baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, wakati wilaya za kule zilikuwa na fomu zisizosomana. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kimekuwa kikiulea pamoja na Wizara ya Afya. Wanafunzi wa uzamili wamekwenda wilayani, wamekaa na waratibu wa takwimu, wameona mahali karatasi inapogongana na skrini, wamerudi na tasnifu. Hiyo ni wodi. Ipo, inafanya kazi, na iko safari ya basi moja kutoka kwetu.

Sasa sitaki unielewe kwamba idara igeuke kuwa karakana ya mifumo, au mtaala ukimbizane na soko. Lugha za kuandikia programu nimeziona zikipita: Pascal ikaondoka, C ikaja, Java ikatawala, sasa ni Python. Mashine nilizozipokea ndani ya maboksi nimezitoa kwa mkokoteni kama chuma chakavu. Aliyeelewa kwa nini kutafuta jina kwenye orodha iliyopangwa ni kwepesi kuliko kwenye fujo bado anakula kwa elimu hiyo. Aliyekariri vitufe alirudi kuniuliza kama idara ina kozi fupi. Watu huucheka mtihani wetu wa kuandika programu kwa kalamu, mimi siucheki. Enzi za mashine ishirini kwa wanafunzi mia, kila mtu alikuwa na saa yake moja kwenye karatasi niliyobandika mlangoni, na walikuja programu ikiwa imeshaandikwa daftarini, imeshapimwa kichwani. Tuliwaonea, lakini walifikiri. Siku hizi na hizi akili mnemba, kijana anakuletea kurasa kumi za programu safi, ukimwuliza mstari wa nane unafanya nini anakutazama kama umemtukania mama. Marufuku haitasaidia. Kaa naye mbele ya mashine dakika kumi na tano, futa mstari mmoja, mwambie aseme kitakachoharibika kabla hajabonyeza. Kwa darasa la mia tatu ni mateso, najua, nimewaona wahadhiri wasaidizi wakisinzia juu ya rundo la karatasi. Ila bila hivyo tunasahihisha kazi ya mashine na kumpa cheti binadamu.

Marufuku nchi hii tulishaijaribu. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikazuia kuingiza kompyuta nchini. Kati ya miaka hiyo miwili kuna hadithi ndefu ya mashine za gharama, wataalamu wa kuazima na hesabu zisizokwenda sawa. Nchi isiyo na watu wanaojua yaliyomo ndani ya mashine hubakiwa na njia mbili, kununua kwa kufumba macho au kufunga mlango. Mimi naamini idara kama yetu iliwekwa ili pawe na njia ya tatu, pawe na mwenyeji wa kuuliza: hiki mnachotuuzia kinafanyaje kazi, kikiharibika nani anakifungua, na taarifa zetu zinalala wapi?

Halafu tazama chuo chetu chenyewe. Kila mwanzo wa mwaka foleni ya usajili inazunguka jengo la utawala. Mtoto kalipia kwa kontro namba, meseji ya benki anayo, mfumo unasema hajalipa. Anaambiwa asubiri mtaalamu wa kampuni iliyouza mfumo apokee simu. Mwaka jana nilimkuta mama mmoja, amemsindikiza bintiye kutoka kijijini, amekaa juu ya begi chini ya mwarobaini siku ya pili, anauliza kama kuna mtu wa kompyuta hapa chuoni. Daktari, idara yako iko hatua mia mbili kutoka mwarobaini ule. Nilimwambia yupo, nikaona haya kumwonyesha mlango.

Sisemi wanafunzi wapewe ufunguo wa matokeo ya mitihani, Mungu apishe mbali. Nasema wapewe nakala yenye majina ya kubuni, wakae dirishani na karani wa mapato, wasikilize malalamiko, watafute ni hatua ipi kati ya benki na chuo ambapo malipo yanapotea. Hiyo ni wodi namba moja na haihitaji hata nauli. Nyingine zipo tele. Vyama vya msingi vya wakulima, ambako karani anaandika kilo za ufuta kwenye daftari, anazinakili kwenye stakabadhi, na mkulima hajui kwa nini pesa yake ina kilo pungufu. Mahakama ya mwanzo na majalada yake. Ukifungua mlango tu, watakuja wenyewe.

Wodi ina kiapo, na hili nalisisitiza kwa kuwa najua vijana wetu. Tangu ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka 2023, kubeba orodha ya wagonjwa kwenye flashi ukazunguka nayo kantini ni kosa kisheria, si utoto tena. Yule binti alitoka hospitali na majina matupu, bila maradhi wala namba za mafaili, kwa akili yake mwenyewe. Hakufundishwa na sisi. Lifundisheni mwaka wa kwanza, kama wauguzi wanavyofundishwa kunawa mikono.

Na jopo la mradi liwe na kiti cha mwenye shida. Mama wa mafaili aitwe, alipiwe nauli, apewe chai, naye awe na alama zake za kutoa. Hatauliza sura ya tatu. Ataandika jina la mgonjwa wake wa Jumatatu na kungoja.

Hapa nawageukia ninyi waheshimiwa wa Seneti, maana Mkuu wa Idara peke yake hawezi. Mhadhiri wenu anapandishwa cheo kwa makala. Akikaa mwaka mzima na hospitali mpaka faili zikaonekana, hana cha kuandika kwenye fomu yake ya kupanda daraja. Akitoa makala tatu zisizosomwa na mtu hapa mkoani, anakuwa Mhadhiri Mwandamizi. Msimlaumu akichagua makala, ana watoto wa kusomesha. Badilisheni fomu. Kazi inayotumika na kuthibitishwa na wanaoitumia ipate pointi zake, hata kama ni nusu ya makala kwa kuanzia.

Nina jambo la mwisho, dogo, pengine ni uzee. Niliwasikia wahadhiri wetu wakifundisha kwa Kiingereza darasani, halafu wakifundisha upya kwa Kiswahili kwenye korido, ubavuni mwa meza yangu. Somo la programu inayojiita yenyewe lilieleweka pale koridoni, kwa mfano wa foleni ya bombani: kila mtu anamwuliza wa mbele yake "wewe wa ngapi?" mpaka swali limfikie aliyeshika bomba, kisha majibu yanarudi nyuma yakiongezeka moja moja. "Aaa, kumbe!" Hizo "kumbe" nimezisikia nyingi, na hazikuwahi kuandikwa popote. Mwaka 2004 wenzetu wa idara ya kompyuta pale Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili kamili, wakihangaika na kila neno la kila menyu. Sisi hatujaandika hata kijitabu cha kurasa ishirini cha mwaka wa kwanza. Waulizeni wanafunzi wa mwaka wa pili, wanayo madaftari.

Kabati sikulimaliza kulipunguza, nilibakiza rafu mbili za chini. Ufunguo nilimwachia katibu muhtasi wako, uko droo ya kushoto ndani ya bahasha ya kaki. Ripoti ya yule binti iko rafu ya pili kutoka chini, ganda la kijani, sidii yake bado inasoma, niliijaribu kabla sijaondoka. Mama wa mafaili bado yupo pale dirishani. Nilimwona mwezi uliopita nilipokwenda kupima presha. Faili langu hakuliona, nikafunguliwa jingine.

Wako katika utumishi,
Fundi wa maabara, mstaafu